Furushi lisiloguswa: jinsi maandishi ya programu yalivyoanza kutunzwa, toka kanda za Colorado mpaka zoni za afya za Lualaba

KOLWEZI – Mwaka wa 1965, katika Élisabethville, mji ambao mwaka uliofuata ulianza kuitwa Lubumbashi, wafanyakazi wa nyumbani walitoa historia yao kwa maandishi. Aliyeikusanya ni André Yav. Ni karatasi zilizopigwa kwa mashine, katika Kiswahili cha Katanga kama kinavyosemwa kwenye kartie, si kile cha vitabu vya shule. Mahali pengine maneno mawili yamegandana, pengine neno moja limekatwa katikati, na nukta hazimsaidii sana msomaji. Karatasi zile zinajulikana mpaka leo kwa jina la Vocabulaire de ville de Elisabethville.

Johannes Fabian, mtaalamu wa tamaduni aliyefundisha Lubumbashi mwanzoni mwa miaka ya 1970, alizichapisha katika kitabu mwaka wa 1990. Angeweza kufanya jambo ambalo wachapishaji wengi hulifanya: kunyoosha Kiswahili, kurekebisha maneno na kutoa maandishi safi yasiyo na kasoro. Hakufanya hivyo. Aliacha karatasi za asili zionekane kama zilivyo. Kisha Kalundi Mango, anayekijua Kiswahili hicho kwa ulimi wake mwenyewe, akazisoma kwa sauti, na usomaji ule ukaandikwa upya kando. Msomaji anaona vyote viwili: kilichotoka kwa Yav na kilichoongezwa na mtu mwingine baadaye. Akitaka kubishana na usomaji wa Mango, asili ipo.

Mwaka uleule wa 1990, huko Marekani, fundi wa kompyuta Brian Berliner alichapisha maelezo ya tatizo linalofanana na hilo. Lake halikuwa la historia ya maboyi na mabwana zao, lilikuwa la maandishi ya programu. Dawa iliyopatikana kwa tatizo lile imesafiri mbali, imepita Eldoret na Rwanda, na swali lake limefika mpaka kwenye biro za zoni za afya za Dilala na Manika, ingawa wengi wanaolikuta mezani hawajui kwamba ni la zamani.

Tuanze na programu yenyewe. Programu ya kompyuta, au ordinatere kama wengi wanavyosema Kolwezi, kwanza ni maandishi. Fundi huandika amri kwa lugha maalumu, mstari kwa mstari, na baadaye mashine huyageuza maandishi yale kuwa kitu inachoweza kukitumia. Maandishi ya kwanza ndiyo huitwa msimbo chanzo. Tofauti kati ya viwili hivyo ni kama unga na bukari. Mwenye unga anaamua apike nini na aongeze maji kiasi gani. Aliyepewa bukari iliyokwisha kuiva anaweza kula tu, hawezi kuirudisha iwe unga.

Kwa miaka mingi msimbo chanzo ulisafiri ndani ya mafurushi. Zamani yalikuwa makanda ya sumaku, makubwa kama sahani. Baadaye zikaja disketi na sidi, na leo ni faili moja iliyobanwa ambayo mtu anaivuta kwenye intaneti au anapewa kwenye fleshi. Furushi lina jina na namba ya toleo. Kitu ambacho halina ni historia. Linaonyesha hali ya maandishi siku lilipofungwa, wala halisemi nani alibadilisha mstari gani, lini, na kwa sababu gani.

Kwa upande mwingine, mafundi walikuwa wamekwisha kutengeneza daftari la kutunza historia hiyo. Marc Rochkind wa Bell Labs alianza mwaka wa 1972 na mfumo ulioitwa SCCS. Miaka kumi baadaye Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue akaleta RCS. Katika daftari la namna hiyo kila badiliko linaandikwa pamoja na jina la aliyelifanya, tarehe na sababu, na mtu anaweza kurudi nyuma mpaka siku ya kwanza. Lakini daftari hilo lilifikiriwa kwa ajili ya mtu anayeandika programu yake mwenyewe toka mwanzo. Halikusema kitu juu ya mtu anayepokea furushi la mwingine, analibadilisha, halafu mwaka ujao anapokea furushi jipya kutoka kwa yule yule.

Hapo ndipo Prisma iliponaswa. Ilikuwa kampuni ya Colorado iliyokuwa inajenga kompyuta yake. Mashine mpya inahitaji programu ya msingi ya kuiendesha, na Prisma haikuandika yake. Ilichukua msimbo wa SunOS kutoka kampuni ya Sun Microsystems na kuubadilisha ili ufae mashine yake. Sun nayo haikulala. Iliendelea kurekebisha na kutoa matoleo mapya, na kila toleo jipya lilikuja na masahihisho mazuri ya Sun bila hata mstari mmoja wa kazi ya Prisma. Ukipokea jipya, umepoteza jasho lako. Ukikaa na la zamani, umekaa na makosa yake yote. Njia ya tatu ilikuwa kukaa chini na kulinganisha maelfu ya mistari kwa macho, na kazi hiyo ingerudi kila mara furushi lingine linapofika.

Berliner hakuanzia sifuri. Katikati ya miaka ya 1980, mwalimu Dick Grune wa Vrije Universiteit, Amsterdam, alikuwa anafanya kazi moja na wanafunzi wake wawili, na saa zao za kazi hazikupatana hata kidogo. Ili kila mmoja aandike wakati wake bila kuvuruga wenzake, Grune alitunga amri fupi fupi zilizokaa juu ya RCS, ambazo baadaye ziliitwa CVS. (Inafurahisha kwamba chombo kilichotumiwa na mafundi wa dunia nzima kwa zaidi ya miaka kumi kilizaliwa kwa sababu watu watatu walishindwa kukutana.) Mwaka wa 1989 Berliner aliiandika upya CVS, na pamoja na mwenzake Jeff Polk wakaiongezea kitu ambacho Prisma ilikihitaji: tawi la mwenye mali.

Kazi yake iko hivi. Furushi la Sun linapofika, linaingizwa kwenye daftari kama lilivyo, bila kuguswa, kwenye tawi lake peke yake. Katika CVS tawi hilo lilipewa namba 1.1.1, na furushi likabandikwa alama mbili, moja ya kusema limetoka kwa nani na nyingine ya kusema ni toleo gani. Mabadiliko ya nyumbani hayaandikwi pale. Yanaandikwa kwenye tawi lingine, la wenye nyumba. Furushi la pili likifika, linawekwa kwenye tawi la Sun juu ya lile la kwanza. Sasa mashine inaweza kujibu swali ambalo macho ya binadamu yalishindwa: toka toleo la kwanza mpaka la pili, Sun wenyewe wamebadilisha nini? Jibu hilo, na hilo tu, ndilo linalohamishiwa kwenye tawi la nyumbani. Mahali ambapo Sun na Prisma wamegusa mstari uleule, mashine inasimama, inatia alama, na kumwachia mtu aamue.

Yote hayo yanasimama juu ya sharti moja linaloonekana dogo: furushi liingizwe kabla ya kuguswa. Fundi akilifungua, akarekebisha neno moja tu, halafu akaliingiza, daftari litaandika kwamba neno lile lilitoka kwa Sun. Miezi sita baadaye hakuna atakayejua, hata yeye mwenyewe. Toleo jipya litakapokuja, daftari litadhani Sun wamelifuta neno lile, na litalifuta nyumbani pia bila kuuliza mtu. Makosa ya namna hiyo hayapigi kelele. Programu inaendelea kufanya kazi, ila kitu fulani hakipo tena.

Linux, programu ya msingi inayoendesha sehemu kubwa ya seva za dunia, ilipita mlango huohuo kwa njia yake. Kwa miaka kama kumi Linus Torvalds aliiendesha bila daftari, akipokea viraka kwa barua pepe na kutoa mafurushi. Mwaka wa 2002 alianza kutumia daftari la kampuni moja, BitKeeper. Mwaka wa 2005 ruhusa ya kulitumia bure iliondolewa, na mwezi wa 4 Torvalds akatunga la kwake, Git. Aliingiza toleo la 2.6.12-rc2 kama furushi, akaacha historia ya nyuma nje. Wengine waliijenga upya baadaye katika madaftari ya kando, hata kwa kuingiza mafurushi ya kale moja baada ya jingine. Lakini katika daftari kuu, anayeuliza mstari wa mwaka wa 1995 uliandikwa na nani anajibiwa: Torvalds, mwezi wa 4, 2005. Kazi ya mamia ya watu inaonekana imefanywa na mtu mmoja siku moja. Siku ya kupokea imechukua nafasi ya siku ya kuzaliwa.

Upande huu wa Afrika hadithi inapita kwenye hospitali. Mwaka wa 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret nchini Kenya, walianza kutunza habari za wagonjwa kwenye kompyuta kwa programu ya Microsoft Access. Kazi ilikuwa ya Chuo Kikuu cha Moi pamoja na Chuo Kikuu cha Indiana. Dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI zilipoanza kupatikana, wagonjwa waliongezeka haraka kuliko programu ilivyoweza kubeba. Mwaka wa 2004 waganga wawili waliokuwa pia mafundi wa programu, Burke Mamlin na Paul Biondich, walifika Eldoret, wakaona kwamba kuweka viraka hakutatosha, wakaanza kuchora mfumo mpya. Waliungana na Hamish Fraser wa shirika la Partners In Health na Chris Seebregts wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Afrika Kusini. Mfumo uliitwa OpenMRS. Mwaka wa 2006 ulianza kufanya kazi Eldoret, na mwaka huohuo Rwinkwavu, Rwanda.

Msimbo wa OpenMRS ulikuwa wazi kwa yeyote, na hapo kukawa na hatari ya kurudia shida ya Prisma mara nyingi zaidi. Kenya ina fomu zake, Rwanda ina zake, Uganda vilevile. Kila nchi ikichukua furushi na kukata kata moyo wa programu kwa mahitaji yake, baada ya miaka mitatu kutakuwa na programu tano zenye jina moja zisizoweza kusaidiana. Kosa la hatari likisahihishwa katika moja, nyingine zinabaki nalo, na kosa katika programu ya hospitali linaweza kumgusa mgonjwa kitandani.

Dawa yao ilienda hatua moja mbele ya ile ya Berliner. Berliner alitenganisha tawi la mwenye mali na tawi la wenye nyumba. Watu wa OpenMRS walijenga programu kwa namna ambayo wenye nyumba hawana haja ya kuandika ndani ya kurasa za mwenye mali. Moyo unabaki mmoja, na mahitaji ya kila nchi yanaingia kama vipande vya kuongezea, kila kipande na daftari lake. KenyaEMR na UgandaEMR zimejengwa hivyo, juu ya moyo uleule. Haimalizi shida zote, maana moyo ukibadilika sana vipande vya zamani vinaweza kukataa kufanya kazi, lakini angalau fundi wa Kampala anajua ni kipi chake na ni kipi cha wote.

Daftari la OpenMRS lilikaa kwanza katika mfumo wa Subversion, halafu mwanzoni mwa miaka ya 2010 likahamia Git. Kwa mtu wa Kolwezi tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika. Subversion inaweka historia yote kwenye seva moja, na bila mtandao huwezi kuisoma. Git inampa kila mtu daftari zima. Fundi anaweza kuvuta historia yote mara moja akiwa mjini, aiweke kwenye fleshi, aende nayo Sandoa au Kapanga, na huko bila kununua hata mega moja akasoma kila badiliko toka siku ya kwanza. Akirudi, anaunganisha kazi yake na ya wengine.

Congo imechukua njia ya programu nyingine, DHIS2, ambayo inatunzwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway lakini mizizi yake iko Afrika Kusini ya miaka ya 1990, mara baada ya ubaguzi wa rangi. Kenya iliitumia nchi nzima mwaka wa 2011, na katika miaka iliyofuata Wizara ya Afya ya Congo ikaiweka iwe mfumo wake wa namba za afya. Titulere wa kituo anajaza ripoti ya mwezi kwenye karatasi: watoto wangapi wamechanjwa, akina mama wangapi wamezalia kituoni, malaria ngapi. Karatasi inaenda biro ya zoni ya afya na namba zinaingizwa kwenye mfumo. Kutoka hapo wanaoamua chanjo ngapi zipelekwe wapi wanasoma namba zilezile.

Msimbo chanzo wa DHIS2 nao uko wazi, ila nchi nyingi haziugusi. Kinachobadilishwa ni maelezo yaliyo juu yake: orodha ya maeneo ya afya, majina ya magonjwa, sura ya fomu. Na maelezo hayo yenyewe sasa yanakuja kwa mafurushi. Shirika la Afya Duniani na watu wa Oslo wametengeneza furushi la malaria, la kifua kikuu, la UKIMWI, la chanjo. Nchi inaingiza furushi, inaongeza mambo yake, inaondoa yasiyoifaa. Kisha toleo jipya la furushi linatoka.

Ni Prisma tena, miaka zaidi ya thelathini baadaye. Tena kuna ugumu wa ziada: maelezo haya yanakaa ndani ya hazina ya namba, hayakai kama faili za maandishi, kwa hiyo Git haiyaoni mpaka mtu ayatoe kwanza na kuyaweka kwenye faili. Wanaofanya vizuri hulijaribu furushi kwenye mfumo wa kando kwanza, wanatunza nakala ya furushi kama lilivyofika, na wanaandika kando walichobadilisha. Wasiofanya hivyo wanabaki na mfumo unaokwenda, na hakuna anayeweza kusema kwa nini fomu ya hapa ina mstari ambao fomu ya jimbo jirani haina.

Mwaka wa 2015 Katanga iligawanywa kuwa majimbo manne, Haut-Katanga, Haut-Lomami, Tanganyika na Lualaba, na nchi nzima ikatoka majimbo 11 kuwa 26. Katika mfumo kama DHIS2, zoni ya afya inahamishwa kutoka chini ya jimbo moja kwenda chini ya jingine, na mfumo hauhifadhi mpangilio wa zamani. Ukishahamisha, hata namba za miaka ya nyuma zinajumlishwa chini ya jimbo jipya. Mtu anaweza kupata jumla ya Lualaba ya mwaka wa 2013, mwaka ambao jimbo hilo halikuwepo. Ni daftari la Torvalds lilelile.

Kwa familia zilizohamishwa jambo hili liko karibu zaidi ya hesabu za majimbo. Mwaka wa 2017 familia nyingi ziliondolewa sehemu ya Kasulo kwa ajili ya madini, na si kartie pekee ya Kolwezi iliyoguswa na machimbo. Watu wanapoondolewa, eneo la afya walilohesabiwa ndani yake linapungua au linakwisha kabisa, na eneo walilohamia linapata watoto ambao hesabu yake ya chanjo haikuwatazamia. Fundi wa namba lazima abadilishe kitu kwenye mfumo. Kufuta hakuwezekani, kwa sababu DHIS2 inakataa kufuta mahali penye namba. Lakini kubadilisha jina kunawezekana, tena ni rahisi, na jina jipya linafunika miaka yote ya nyuma. Njia nyingine ni kujaza tarehe ya kufunga kwa mahali pa zamani na kufungua pengine kwa tarehe yake. Nafasi ya kujaza tarehe zote mbili ipo kwenye mfumo. Inachukua dakika chache zaidi.

Mama aliyechanja mtoto wake kabla ya kuhamishwa bado ana karti yenye jina la kituo cha kale na tarehe iliyoandikwa kwa kalamu. Siku atakapotaka kuonyesha kwamba aliishi pale, au mwanawe alimaliza chanjo, jina lile litatafutwa kwenye orodha. Kama limefunikwa, karti yake itataja mahali ambapo orodha haipajui. Kuna kitu kimoja ambacho kubadilisha jina hakukigusi: kila mahali ndani ya DHIS2 pana alama ya herufi na tarakimu 11, ambayo mfumo wenyewe unaitoa mara moja na inabaki ileile jina likibadilika. Alama hiyo inaweza kuombwa kwenye biro ya zoni ya afya na kuandikwa nyuma ya karti, chini ya jina la zamani.